Mikasi ya virusi ndani ya hamira: majibu kwa maswali yenu

Mwezi uliopita tuliandika aya moja tu kwamba hamira ikitiwa jeni ya protiezi ya virusi, yaani kimeng'enya ambacho virusi hukitumia kukatia protini, mara nyingi hushindwa kukua, na kwamba kushindwa huko kunaweza kugeuzwa kipimo cha dawa. Aya hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yote iliyoizunguka. Nyingine zimetoka kwa wanafunzi wa sekondari, nyingine kwa watu walio tayari na sahani za agari mezani, kwa hiyo majibu hayatalingana urefu.

Neno moja litajirudia: mkasi butu. Ni protiezi ileile, iliyobadilishwa asidi amino moja tu kwenye makali yake ili isikate tena. Kwa protiezi ya VVU tunageuza asidi aspatiki ya nafasi ya 25 kuwa asparajini. Kwa protiezi kuu ya virusi vya korona tunageuza sisteini ya nafasi ya 145 kuwa alanini. Ukiona hamira inaumwa na huna mkasi butu kwenye sahani hiyohiyo, bado hujui inaumwa na nini.

*Shikamooni. Niko kidato cha sita, Tabora. Virusi vya binadamu haviwezi kuiambukiza hamira. Sasa kwa nini protini yao iidhuru?*

Marahaba. Kuambukiza kunahitaji mlango: virusi vishike kitu juu ya seli, viingie, vijizalishe. Hapa hakuna mlango unaohitajika, kwa sababu sisi ndio tunaiingiza jeni ya protiezi kwenye plasmidi, yaani kiduara kidogo cha DNA tunachokitia ndani ya seli, na hamira yenyewe inaitengeneza protini. Ikishakuwa ndani, protiezi haijui kama iko kwenye seli ya mtu au ya hamira. Inatafuta mfuatano wa asidi amino unaokaa vizuri kwenye meno yake, inakata.

Virusi vingi huunda protini zao zikiwa zimeungana kama mkufu mmoja mrefu, kisha protiezi huukata mkufu huo vipande. Ya VVU ni ndogo ajabu: nusu mbili zinazofanana, kila moja ina asidi amino 99, na hazikati mpaka ziungane. Ya korona ina asidi amino 306, nayo pia hufanya kazi kwa jozi, ikikata mkufu wa virusi mahali 11.

Madhara kwa hamira yanategemea sana uchaguzi wa mkasi. Tupige hesabu. Hamira ina jeni karibu 6,000 za protini, na protini ya kawaida ina asidi amino mia nne na kitu, kwa hiyo jumla ni kama milioni 2.8. Protiezi ya korona hupenda leusini, kisha glutamini, kisha serini, alanini au glaisini. Kwa kufuata wingi wa asidi amino hizo kwenye hamira, mfuatano huo utatokea kwa bahati tu karibu mara 2,000. Sasa chukua protiezi ya TEV, virusi vya mmea wa tumbaku. Hiyo husoma herufi saba: glutamati, asparajini, leusini, tairosini, fenilalanini, glutamini, halafu serini au glaisini. Kwa bahati tu, mfuatano kamili kama huo hautarajiwi hata mara moja katika hamira nzima. Ukilegeza masharti uhesabu herufi zile muhimu nne, unapata kama 35.

Ndiyo maana TEV inaweza kukaa ndani ya hamira bila ugomvi. Mwaka 2000 kundi la Kim Nasmyth huko Vienna lilitumia utulivu huo: walipachika alama ya TEV kwenye Scc1, protini inayofunga kromosomu pacha pamoja, wakaiwasha TEV, na kromosomu zikaachana. Kazi kama hiyo haifanyiki na mkasi unaokata ovyo.

Hesabu ya 2,000 usiichukue kuwa idadi ya majeraha. Alama nyingi zimejificha katikati ya protini zilizokunjwa, mkasi haufiki. Kinachoua ni zile chache zilizo wazi kwenye protini ambazo seli haiwezi kuishi bila hizo. Protiezi ya 2A ya polio, ambayo ndani ya seli za binadamu hukata eIF4G, nguzo ya kuanzishia utengenezaji wa protini, huzuia hamira kukua pia. Ya VVU haisomi herufi maalumu bali umbo la mfuatano, kwa hiyo hesabu ya bahasha kama hii haiifai. Lakini nayo huiua hamira: ukuaji husimama kwanza, kisha utando wa nje huanza kuvuja na seli hupasuka.

*Niko shahada ya uzamili, Dar es Salaam. Nimeweka protiezi ya korona chini ya swichi ya GAL1. Kwenye galaktosi hamira yangu inakua kama kawaida. Tatizo liko wapi?*

Dada, tuanze na mambo yanayoharibu majaribio mengi kabla hatujailaumu protiezi.

Kwanza glukosi. Swichi ya GAL1, yaani kipande cha DNA kinachowasha jeni hamira inapopewa sukari ya galaktosi, hufungwa kabisa na glukosi, na hata kiasi kidogo kilichobaki kinaichelewesha kwa saa kadhaa. Usihamishe hamira moja kwa moja kutoka glukosi kwenda galaktosi. Iotesheni usiku kucha kwenye rafinosi asilimia 2, ambayo haiwashi wala haifungi swichi, kisha osha mara mbili kwa maji safi yaliyochemshwa kwenye otoklevu. Angalia pia chupa ya galaktosi yenyewe: ya bei rahisi huwa na glukosi ndani. Nunua iliyoandikwa kuwa na glukosi chini ya asilimia 0.1.

Pili ukoo wa hamira. S288C, ukoo uliosomwa jenomu yake mwaka 1996, una jeni ya GAL2 iliyoharibika, na GAL2 ndiyo mlango wa galaktosi. BY4741 na W303 hazina shida hiyo. Kama mtu alikupa kijiti cha hamira bila jina kamili, ipake kwanza kwenye galaktosi bila plasmidi yoyote.

Tatu, na hapa ndipo tunaposhuku zaidi, ni mwanzo wa protini. Protiezi ya korona lazima ianze na serini iliyo huru. Kipande hicho cha mwanzo hujipenyeza kwenye mwenzake wanapoungana jozi. Ukiacha methionini ya kuanzishia mbele yake, au ukaweka lebo ya histidini hapo, jozi inalegea na kazi inapungua mno. Dawa yake ni kutanguliza yubikwitini. Hamira ina vimeng'enya vyake vinavyokata mara tu baada ya glaisini ya mwisho ya yubikwitini, na hivyo serini inabaki mbele bila kitu. Lebo, kama huna budi, weka mwishoni, ukijua kwamba nayo inaweza kupunguza nguvu kidogo.

Nne ni wingi. Plasmidi yenye sentromia hukaa nakala moja au mbili kwa seli. Ya mikroni 2 hukaa makumi. Ukianza na ya sentromia ukaona kimya, hamia ya mikroni 2 kabla ya kukata tamaa. Kinyume chake ukianza na nyingi, utajikuta huna hata koloni moja la kuanzia.

Sahani za lita moja: gramu 6.7 za msingi wa naitrojeni usio na asidi amino lakini wenye amonia salfeti, mchanganyiko wa asidi amino usio na urasili kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kopo, gramu 20 za agari, maji mililita 850. Otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 15. Acha ipoe mpaka uweze kuishika chupa kwa glavu, kama nyuzi 55, ndipo utie mililita 100 za galaktosi ya asilimia 20 na mililita 50 za rafinosi ya asilimia 20, zote zikiwa zimechujwa kwa chujio la mikromita 0.2. Ukizichemsha sukari pamoja na vingine zinageuka kahawia, na ukuaji unabadilika kutoka sahani moja hadi nyingine.

Kwa madoa, rekebisha hamira ifike OD ya 0.5, yaani kipimo cha ukungu kwa mwanga wa nanomita 600. Punguza mara kumi kumi hatua nne, dondosha mikrolita 5 kwa kila doa. Sahani mbili, glukosi na galaktosi. Safu tatu: plasmidi tupu, mkasi butu, mkasi mkali. Nyuzi 30, saa 48, kisha tena saa 72. Kwenye glukosi safu zote tatu lazima zilingane. Zisipolingana uliharibu upimaji wa OD au swichi yako inavuja, na usiendelee kuisoma sahani ya pili.

*Mimi kinyume. Mkasi unaua vizuri, lakini siku ya nne yanatokea makoloni manene katikati ya doa lililokufa. Nimechafua? (Msomaji, Kampala)*

Yaelekea hujachafua. Doa la mikrolita 5 kutoka OD ya 0.5 lina seli kama 50,000. Ukiweka idadi hiyo chini ya adhabu kali, yeyote aliyezaliwa na kasoro iliyovunja mkasi atashinda mbio. Kasoro inaweza kuwa kwenye jeni ya protiezi, kwenye swichi yake, au kwenye jeni za hamira zinazopokea galaktosi, na kwa kuwa uliweka rafinosi, hamira isiyojua galaktosi bado ina chakula.

Ili kujua ni ipi, chukua koloni moja, toa plasmidi, ipitishe kwenye bakteria, irudishe kwenye hamira mpya. Hamira mpya ikikua, plasmidi ndiyo iliyoharibika; soma mfuatano wake. Ikifa, plasmidi ni nzima na hamira ya zamani ndiyo iliyobadilika. Hapo ipakeni hamira hiyo kwenye 5-FOA, kemikali inayoziua seli zinazobeba plasmidi yenye URA3, gramu 1 kwa lita ili iitupe plasmidi, kisha itie plasmidi mpya uone kama bado inavumilia. Wachache sana wanaovumilia kwa sababu ya kuvutia, yaani kwa kubadilisha protini ambayo mkasi ulikuwa unaikata. Wengi ni wavivu wa galaktosi tu.

Kinga ni rahisi. Hifadhi akiba kwenye glukosi na gliseroli ya asilimia 20 katika nyuzi 80 chini ya sifuri, usiache kamwe akiba kwenye galaktosi, na kwa kila jaribio tumia makoloni manne mapya badala ya moja la mwezi jana.

*Nitajuaje kama seli zimekufa au zimesimama tu?*

Sahani ya madoa haikuambii. Washa galaktosi kwenye chupa, chukua sampuli saa 0, 2, 4 na 8, zipande kwenye *glukosi*, ambako mkasi unazimwa. OD ya 0.5 ni kama seli milioni 10 kwa mililita. Punguza mara 5,000, panda mikrolita 100, utategemea makoloni 200. Idadi ikibaki palepale kwa saa 8, seli zilisimama na zinaamka zikiachiliwa. Ikiporomoka, zinakufa. Hakikisha unarekebisha kwa wingi wa seli wa saa ileile, maana mkasi butu utaendelea kuongezeka huku ule mkali umekwama, na tofauti hiyo peke yake inafanana na kifo kwa mtu mwenye haraka.

Kama una hadubini, bluu ya methilini ambayo watengeneza bia huitumia inatosha kwa kuangalia haraka: seli hai huondoa rangi, iliyokufa inabaki bluu. Kwa kuvuja kwa utando tumia propidiamu iodaidi na hadubini ya mng'aro.

*Hujambo mhariri. Mimi ni mfamasia, Nairobi. Tunazo tembe za ARV zenye atazanaviri na ritonaviri. Je, naweza kusaga tembe nikaona kama zinaiokoa hamira yenye protiezi ya VVU?*

Sijambo. Wazo ni zuri, tembe ndizo mbaya. Ndani yake kuna wanga, vilainishi, rangi, na dawa mbili kwa pamoja, na ukiona hamira imekua hutajua ni nani amefanya kazi. Tafuta unga safi wa rejea wa dawa moja. Uyeyushe kwenye kiyeyushi cha DMSO ufike milimola 10, gawanya kwenye vichupa vidogo, gandisha. Katika jaribio DMSO isizidi asilimia 1, na kila kisima kiwe na kiasi kilekile cha DMSO, hata kile kisicho na dawa.

Kizingiti kikubwa ni kwamba hamira hutapika dawa. Ina pampu kwenye utando wake, Pdr5 ikiwa mashuhuri zaidi, pamoja na Snq2 na Yor1. Dawa inayozima protiezi kwenye mrija wa kioo kwa nanomola chache inaweza kuonekana haina maana ndani ya hamira hata kwa mikromola 50. Tumia ukoo uliofutwa jeni ya PDR5, na ikiwezekana zote tatu. Wengine hufuta ERG6 ili kulegeza utando. Inasaidia, ila hamira hiyo huwa dhaifu na haipokei plasmidi kwa urahisi, kwa hiyo tia plasmidi kwanza pale unapoweza.

Kisima cha mikrolita 200, anza na OD ya 0.05, dawa kwa ngazi za mikromola 1, 3, 10, 30 na 100, nyuzi 30, mashine isome kila dakika 15 kwa saa 36 na itikise kati ya usomaji. Bila kutikisa hamira hutuama chini na mkunjo wa ukuaji hupanda ngazi kama mlevi.

Sasa ogopa matokeo mazuri kuliko mabaya. Kitu chochote kinachozuia swichi ya GAL1 kitaifanya hamira ikue kwenye galaktosi na rafinosi, kwa sababu mkasi hautengenezwi kabisa. Utadhani umepata kizuizi cha protiezi, kumbe umepata kizuizi cha galaktosi. Weka hamira nyingine yenye protini ya kijani inayong'aa chini ya GAL1 ileile: dawa ya kweli haipunguzi ukijani. Pia weka dawa kwenye hamira yenye mkasi butu, kwani dawa nyingi zina sumu yake kwa wingi wa mikromola 100, na hapo utaona ukuaji ukipanda halafu ukishuka.

*Nimetengeneza mtego wa Gal4: nimepachika alama ya kukatia kati ya sehemu inayoshika DNA na sehemu inayowasha jeni. Protiezi iko chini ya GAL1. Matokeo hayaeleweki.*

Hayawezi kueleweka. Gal4 ndiyo inayoiwasha GAL1. Protiezi ikitengenezwa inakata Gal4, Gal4 ikikatika protiezi haitengenezwi, Gal4 inarudi, na mzunguko unaanza upya. Toa protiezi kwenye GAL1. Iweke chini ya swichi ya CUP1 uiwashe kwa salfeti ya shaba mikromola 100, au chini ya MET25 uiwashe kwa kuondoa methionini, au kwenye mfumo wa estradioli. Na hamira iwe imefutwa Gal4 yake ya asili, pamoja na Gal80, protini inayoizuia Gal4, ili galaktosi yenyewe isihitajike.

Mtego wa namna hii ulitumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na bado ndio tunaoupendekeza kwa protiezi ambazo haziidhuru hamira vya kutosha kuonekana kwa macho. Faida yake nyingine ni kwamba unapima kukata kwa alama unayoijua, siyo kukata kwa kitu usichokijua kilichoiua hamira.

*Kwenye blot, kipimo cha kuonyesha ukubwa wa protini, naona substrati yangu (protini ninayotaka ikatwe) imekatwa hata kwenye glukosi.*

Huenda inakatwa ndani ya kichupa chako baada ya kuvunja seli. PMSF, kizuizi cha protiezi kinachotiwa mara nyingi wakati wa kuvunja seli, haizimi protiezi za aspatiki, kwa hiyo ya VVU inaendelea na karamu, pamoja na ya hamira yenyewe iliyo kwenye vakuoli, Pep4. Tumia ukoo uliofutwa PEP4, na ua kila kitu papo hapo: seli za OD 5, asidi ya TCA mpaka asilimia 10, barafu dakika 15, zungusha, osha kwa asetoni baridi, vunja kwa shanga za kioo kwenye bafa ya SDS. Bafa ikigeuka njano kuna asidi imebaki. Tone la Tris isiyorekebishwa pH linairudisha bluu.

*Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Je, hamira ya dukani inafaa?*

Kwa kuonyesha uchachu, ndiyo. Kwa kazi hii, hapana, mwalimu. Ya maabara imeharibiwa makusudi jeni kama URA3 ili iishi bila urasili pale tu inapobeba plasmidi. Ya dukani haina pengo hilo, itakua bila plasmidi na utapima kitu ambacho hakipo. Mara nyingi pia ina nakala zaidi ya mbili za kila kromosomu.

*Nimesoma kuna hamira inaitwa pombe. Ni utani?*

Si utani. Jina lake la kisayansi ni *Schizosaccharomyces pombe*. Paul Lindner aliieleza mwaka 1893 akiwa ameipata kwenye pombe ya mtama iliyotoka Afrika Mashariki, akalichukua neno letu kama lilivyo. Paul Nurse aliitumia kuchunguza mzunguko wa seli, na mwaka 2001 akashiriki Tuzo ya Nobel. Haichipui kama ya mikate. Hurefuka kama kijiti kisha hujikata katikati, na urefu huo unafanya kasoro ya mgawanyiko ionekane kwa hadubini ya shuleni.

Protiezi ya VVU imejaribiwa humo pia, na inaidhuru. Swichi ya kawaida ni nmt1, inayofungwa na thiamini. Kuizima tia thiamini mikrogramu 5 kwa mililita. Kuiwasha osha mara tatu, kisha subiri kama saa 16. Watu waliozoea galaktosi hutazama saa 4, wasione kitu, wakatupa jaribio zima. Na thiamini husalia: ukiosha mara moja tu utasubiri zaidi. Swichi hiyo ipo kwa nguvu tatu, pREP1, pREP41 na pREP81. Kwa mkasi mkali anza na ya mwisho, iliyo dhaifu kuliko zote.

*Mimi ni mteknolojia wa maabara, Mwanza. Wagonjwa wetu wa mstari wa pili wako kwenye atazanaviri au lopinaviri. Je, hamira inaweza kutuambia virusi vya mgonjwa vimekuwa sugu?*

Kwa uamuzi wa matibabu, hapana. Hiyo ni kazi ya kusoma mfuatano wa jeni za virusi. Kwa kuelewa badiliko moja moja, ndiyo, na hamira inafanya hivyo kwa bei nafuu kuliko kuotesha virusi vyenyewe, ambavyo vinahitaji maabara yenye ulinzi mkubwa.

Ugumu uko kwenye usomaji. Badiliko linaloleta usugu mara nyingi hulegeza makali ya mkasi. Chukua I84V, yaani isoleusini ya nafasi ya 84 iliyogeuka valini, au V82A: dawa inashika vibaya, lakini na mkasi wenyewe unaweza kukata polepole. Mkasi unaokata polepole unaiumiza hamira kidogo, na hamira inayoumia kidogo huonekana kama imeokolewa na dawa. Kwa hiyo usilinganishe ukuaji wenye dawa peke yake. Kwa kila badiliko chora mkunjo usio na dawa kwanza, upate nguvu ya mkasi. Kisha mkunjo wenye dawa. Kisha soma ni kiasi gani cha dawa kinachoirudisha hamira nusu ya njia kuelekea kiwango cha mkasi butu. Nambari hiyo ya nusu njia ndiyo inayoweza kulinganishwa.

Kwa korona kazi ya namna hii imefanywa kwa upana mkubwa. Mwaka 2022 maabara ya Daniel Bolon, Chuo Kikuu cha Massachusetts, ilichapisha ramani ya karibu kila badiliko moja linalowezekana kwenye protiezi kuu, ikitumia hamira na vipimo vitatu: ukuaji, mng'aro wa protini mbili zinazotenganishwa zikikatwa, na mtego wa aina ya Gal4. Vipimo vitatu kwa sababu tuliyoitaja: kimoja kinaweza kukudanganya. Badiliko la E166V linaonyesha tatizo hilo waziwazi. Linaleta usugu mkubwa dhidi ya nirmatrelviri, ile iliyo ndani ya Paxlovid, dawa ya kutibu korona, lakini linaidhoofisha protiezi. Mara nyingi huandamana na L50F, inayorudisha sehemu ya nguvu iliyopotea.

Jambo moja la huku kwetu. Vitabu vingi vya maabara hutumia protiezi ya aina B ya VVU, ambayo ndiyo imeenea Ulaya na Marekani. Aina zilizoenea Afrika Mashariki ni A, C na D. Zina tofauti zake za kuzaliwa, M36I na L89M zikiwa miongoni mwake, ambazo peke yake si usugu. Ukiweka badiliko la usugu kwenye kiunzi cha B halafu ukalisemea mgonjwa wa Mwanza, umepima mkasi mwingine. Agiza jeni ya aina unayoihitaji, na mkasi butu wake utengenezwe kutoka kiunzi hichohicho.

*Je, kazi hii ni hatari?*

Protiezi peke yake haiwezi kuunda virusi. Haina jenomu, haina ganda. Ni kazi ya daraja la kwanza la usalama, lakini hamira hiyo ni kiumbe kilichobadilishwa jeni na inahitaji kibali. Kwa Kenya maombi ya kazi ya ndani ya maabara hupelekwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia. Usimwage chochote kwenye sinki kikiwa hai: otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 30, au klorini ya kufulia sehemu 1 kwa maji sehemu 9, iliyochanganywa siku hiyohiyo, dakika 20. Usiviunganishe viwili hivyo, maana klorini ikichemshwa kwenye otoklevu hutoa gesi inayochoma mapafu na kula chuma cha mashine.